Ford Trimotor: Geji Ziko Nje ya Dirisha!

Haya, karibuni tena! Hii nyuma yangu ni Ford Trimotor, ndege ya zamani ya abiria, toleo la 4-AT-E la mwaka 1928, na bado inaruka. Injini tatu, panga boi tatu, hizo mnaziona wenyewe. Twendeni moja kwa moja kwa marubani, kilichonileta kiko huku.

Nimekaa kiti cha kushoto. Haya, nitafutieni geji za injini ya kushoto hapa mbele. Hamna! Sasa chungulieni dirishani. Kule, kwenye vyuma vilivyoishika injini. Ngoja nivute kamera... mnaziona? Presha ya oili, joto la oili, kasi ya mzunguko, zote ziko nje zinapigwa na upepo! Rubani wa kulia anasoma za upande wake. Geji za enzi zile zilitumia mirija na kebo, kwa hiyo kuzifunga jirani na injini kulifupisha njia. Naipenda mno hii! Unageuza shingo mara moja, unaona mshale na injini yenyewe. Oili ikivuja unaiona palepale. Ila kwenye mvua kubwa usiku, hapo sijui ningesomaje. Na mvumbuzi Mmarekani Richard Byrd alipita juu ya Ncha ya Kusini mwaka 1929 na Ford ya aina hii, kwenye baridi ile!

Kebo za usukani wa mkia nazo zinapita nje, ubavuni. Hizo sizipendi.

Najua mtaniandikia "Fokker, Fokker", ndege za Kiholanzi zilizoshindana na hii. Sawa, rubani Mwaustralia Kingsford Smith alivuka Pasifiki na Fokker ya injini tatu mwaka 1928, heshima yake ipo. Lakini bawa la mbao! Mwaka 1931 Fokker ya shirika la ndege la TWA ilikatika bawa angani kule Kansas, wakafa wote wanane, akiwemo kocha maarufu wa mpira wa Kimarekani, Knute Rockne. Hii ni alumini yenye mikunjo kama bati la paa. Ufundi huo kampuni ya Junkers ya Ujerumani ilitangulia, lazima niseme, na kwa utulivu wa kutua huenda ndege yao ya Ju 52 ikaishinda hii. Ndiyo video ijayo, kwa hiyo jiunge na chaneli sasa hivi.

Bei? Tiketi ya kuzunguka angani ni ghali kwa safari fupi vile. Mimi ningelipa tena. Ziliundwa 199 tu, na zinazoruka leo ni za kuhesabu. Ukipanda, wahi siti ya mbele dirishani, na uzibe masikio, maana injini ya puani inanguruma hadi sakafu inatetemeka.