Miwa yako: kiwandani ama kwa sukari nguru?

Huku Kakamega hili swali haliishi. Kwa pesa ya haraka nguru inashinda, unapima unalipwa, kiwandani unaweza ngoja miezi. Na mua ukishakatwa sukari inaanza kupungua, kwa hiyo lori likichelewa siku tatu hasara ni yako. Lakini kukamua, kiwanda ndicho kinashinda: magurudumu ya chuma yanafinya miwa mara kadhaa, juisi inatiwa chokaa, inachemshwa kwa presha ya chini isiungue, kisha mashine inazungushwa kwa kasi molasi, ule uji mweusi mtamu, itoke. Nguru ni karai wazi tu, molasi inabaki humo humo, na mvua ikishika, makapi ya miwa ambayo ndiyo kuni hayakauki, sasa utawasha na nini? Shamba kubwa lenye mkataba, bora kiwanda. Nusu eka na karo inadaiwa, mi ningepeleka nguru.