Tikataima ya mtumba kwa somo la mwendo: uzoefu wangu

Nafundisha tuisheni ya fizikia nyumbani Umoja, Nairobi, kila wikendi, wengi wakiwa kidato cha tatu. Nilichoka kusikia s = ut + ½at² (s ni umbali, u kasi ya mwanzo, t muda, a mchapuko, yaani kasi inavyoongezeka kila sekunde) ikikaririwa na watu wasiojua hiyo nusu ilitoka wapi. Ndipo nikanunua tikataima iliyotumika (kifaa kinachochapa nukta kwenye utepe wa karatasi kwa vipindi sawa vya muda), duka la vifaa vya maabara katikati ya jiji. Transfoma nilipata Luthuli Avenue, maana hii yangu haitaki betri. Inataka mkondo geu wa volti chache.

Umeme wetu ni hezi 50, kwa hiyo utepe unagongwa mara 50 kwa sekunde. Nafasi kumi za nukta ni sekunde 0.2. Tunafunga utepe kwenye kigari, tunakiachilia kwenye ubao ulioinamishwa, kisha tunashika mkasi na kukata utepe kila nafasi kumi. Vipande vya juzi vilikuwa sentimita 3, 5, 7, 9 na 11 (milimita nimeziacha, msinishike hapo). Gawanya kila kimoja kwa 0.2: kasi ni 15, 25, 35, 45, 55. Inapanda 10 kila sekunde 0.2, basi mchapuko ni sentimita 50 kwa sekunde, kila sekunde.

Utamu wenyewe uko hapa. Wanafunzi hukimbilia kuweka u = 15 na kupata sentimita 40. Wakipima utepe kwa rula, ni 35. Ubishi unawaka, mimi nimenyamaza. Ile 15 ni kasi ya katikati ya kipande cha kwanza. Kipande kikianza, kasi ilikuwa 10. Kwa sekunde 1 nzima, 10 na 25 ni 35. Chora grafu ya kasi na muda: 10 ni mstatili, 25 ni pembetatu iliyokaa juu yake. Nusu ni ya hiyo pembetatu!

Kasoro zipo. Karatasi ya kaboni inayochapa nukta hufifia upesi, na kelele za tikataima ni za nzi aliyefungiwa chupani. Tena utepe huenda upande mmoja tu. Mpira uliorushwa juu kwa mita 20 kwa sekunde, g (mchapuko wa mvutano wa dunia) ikiwa 10, hurudi mkononi baada ya sekunde 4: umepita mita 40, lakini kutoka ulipoanzia ni sifuri. Hilo bado nalifundisha kwa chaki.

Ukienda kununua, muuzaji aichomeke na avute utepe mbele yako kabla hujatoa pesa. Ya kwanza niliyoonyeshwa ilinguruma vizuri sana bila kuchapa hata nukta moja.