Uzoefu Wangu wa Kusafiri Ndani ya Nairobi: Ushauri kwa Wageni Wanaotoka Tanga

Usafiri wa abiria ndani ya jiji la Nairobi ni bora kuliko sifa unazopewa na watu wengi wa huku kwetu, lakini humfaa zaidi mtu anayejua gari lake linaanzia mtaa gani. Nimeutumia mara nyingi nikienda kwa shughuli za biashara na kuwazuru jamaa wanaoishi Rongai, pembezoni mwa jiji, na ninaandika haya kwa ajili ya ndugu zangu wa Tanga wanaotarajia kwenda kwa mara ya kwanza, kwa sababu maelezo ninayoyasikia kwenye stendi ya Kange huwa ni ya kutisha watu na si ya kuwasaidia.

Jambo la kwanza la kuelewa ni kwamba matatu nyingi za Nairobi huingia katikati ya mji na kuishia hapo, wala hazipiti kwenda upande wa pili. Mtu anayetoka Barabara ya Ngong akitaka kufika Barabara ya Thika atashushwa mjini, atembee kwa miguu kutoka kituo kimoja hadi kingine, kisha apande gari la pili na kulipa nauli ya pili. Ndiyo maana mgeni anayeuliza tu "gari la kwenda mahali fulani ni namba ngapi?" anaweza kuzunguka saa nzima akiwa na jibu sahihi mkononi, kwa kuwa namba humwambia njia ya gari na haimwambii kituo. Swali lenye manufaa ni "gari la kwenda mahali fulani linapakia wapi?"

Magari ya Rongai, yenye namba 125 na 126, na yale ya Ngong, namba 111, hupakia Railways, jirani na stesheni ya zamani ya reli. Ukipotea njia, uliza ilipo bustani ya kumbukumbu ya shambulio la bomu la tarehe 7 Agosti 1998, kwenye makutano ya Moi Avenue na Haile Selassie Avenue, kwa sababu kila mtu anaifahamu na kutoka hapo Railways ni hatua chache. Anayekwenda uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta kwa gari la umma atafute namba 34, na magari mengi ya Eastlands, yaani mitaa ya mashariki mwa jiji, na ya Barabara ya Thika atayapata upande wa mitaa ya Tom Mboya na Ronald Ngala. Vituo huhamishwa mara kwa mara kwa amri ya serikali ya jiji, kwa hiyo thibitisha kabla ya kuanza kutembea. Watu ninaowaamini kuliko wote kwa kuelekeza ni askari wanaolinda milango ya maduka na benki, kwani wao husimama pale pale kutwa nzima na hawana gari wanalokuvutia upande. Msalimie kwanza, mwite "kaka" au "mzee" kulingana na umri wake, naye atakuonyesha kwa utulivu hata kama mtaa mzima una pilikapilika.

Kuhusu nauli, hapa ndipo Mtanzania anapohitaji kubadilisha mazoea. Sisi tumezoea nauli za daladala kupangwa na LATRA, mamlaka ya serikali inayodhibiti usafiri wa nchi kavu, hivyo kondakta akizidisha tunajua pa kulalamika. Kule nauli hupangwa na vyama vya wenye magari, vinavyoitwa sako, nayo hupanda na kushuka kwa saa na kwa hali ya hewa. Safari inayogharimu shilingi 50 za Kenya saa tano asubuhi inaweza kufika shilingi 100 jioni, na mvua ikinyesha inaweza kuzidi hapo, kwa sababu foleni huwa ndefu, magari yanakawia kurudi mjini, na abiria wanaosubiri ni wengi kuliko viti. Sipendezwi na utaratibu huo, hasa nikiwafikiria wafanyakazi wa kipato kidogo wanaokwama mjini kila masika, lakini mgeni mwenye uhuru wa kupanga saa zake anaweza kuuepuka. Fanya shughuli zako kati ya saa nne asubuhi na saa tisa alasiri, na uwe umekwisha ondoka katikati ya mji kabla ya saa kumi na moja jioni. Uliza nauli mlangoni kabla ya kuketi, tena uliza kwa sauti ili na abiria wengine wasikie.

Ndani ya gari hali hutofautiana sana. Yako magari ya abiria 14, na yako makubwa zaidi ya abiria 33 yaliyochorwa kila mahali na kupiga muziki mkubwa, ambayo vijana wa kule huyaita manyanga. Mstari wa manjano unaouona ubavuni mwa matatu, pamoja na sharti la mikanda na vidhibiti mwendo, ulitokana na kanuni zilizoanza kutekelezwa mwaka 2004 chini ya waziri wa uchukuzi wa Kenya, John Michuki. Mimi hufunga mkanda kila mara, hata pale jirani zangu wasipofunga. Kondakta hukusanya nauli gari likiwa limekwisha ondoka, na akikwambia chenji utaipata baadaye, mkumbushe mapema kabla ya kituo chako. Wengi hupokea malipo kwa M-Pesa, kwa hiyo ni busara kusajili laini ya Kenya kwa pasipoti yako siku ya kwanza. Simu usiishike karibu na dirisha lililo wazi gari linaposimama kwenye foleni, kwani wezi hunyakua kutoka nje na kutoweka baina ya magari.

Teksi za kuita kwa programu, kama vile Uber, Bolt na Little, zinafaa usiku na unapokuwa na mizigo. Dereva akikuuliza kama mpite juu, anakusudia barabara ya kulipia ya Nairobi Expressway, yenye urefu wa kilomita 27 kutoka Mlolongo hadi Westlands, iliyofunguliwa mwaka 2022. Ada yake mara nyingi huongezwa juu ya nauli, basi kubalianeni kabla ya kuingia. Kwa anayewahi ndege jioni, gharama hiyo ni halali kabisa.

Kuhusu namna ya kufika, wengine hupitia Arusha na Namanga, lakini mimi ninaipendelea njia ya mpaka wa Horohoro hadi Mombasa, kisha treni ya Madaraka Express, iliyoanza kubeba abiria mwaka 2017. Nauli ya daraja la kawaida ilipandishwa kutoka shilingi 1,000 hadi 1,500 mwezi Januari 2024, na bado ninaiona ina thamani yake. Stesheni ya Mombasa iko Miritini, nje ya kisiwa, na barabara mpya ya Dongo Kundu humwezesha msafiri anayetoka kusini kufika huko bila kupanga foleni kwenye kivuko cha Likoni. Treni hii haifiki katikati ya Nairobi. Huishia Syokimau, na hapo hapo huunganishwa na treni ndogo ya mjini inayokushusha stesheni ya zamani, karibu na Railways niliyoitaja. Abiria wengi huwakimbilia madereva wa teksi nje ya lango na kulipa mara nyingi zaidi kwa safari inayopita kwenye foleni ya Barabara ya Mombasa.

Usibebe mizigo yako katika mifuko ya plastiki, kwa kuwa Kenya iliipiga marufuku tangu tarehe 28 Agosti 2017 na adhabu yake ni kali. Kikapu cha ukindu au mfuko wa kitambaa unatosha. Beba na sweta nzito, kwani miezi ya Juni hadi Agosti huwa na baridi ambayo mtu wa pwani haitarajii.

Wakati wa kurudi, fika Syokimau angalau saa moja kabla ya treni kuondoka, kwa sababu mizigo hupangwa chini ili inuswe na mbwa, kisha hupitishwa kwenye mashine za ukaguzi. Kwa sisi wa Tanga ninaipendekeza treni ya usiku, ambayo hufika Miritini kabla ya mapambazuko. Subiri ndani ya stesheni mpaka kupambazuke, ndipo utafute gari la Lungalunga, upande wa Kenya wa mpaka, na utakuwa umevuka mpaka wa Horohoro ukiwa na mchana mzima mbele yako.