Scrum au Kanban: ipi iitangulie timu inayoanza?

Timu inayoanza kutumia mbinu za Agile, yaani kuendesha miradi kwa hatua ndogo ndogo, kwa kawaida hujikuta ikichagua kati ya Scrum na Kanban. Scrum, iliyowasilishwa hadharani na Ken Schwaber na Jeff Sutherland mwaka 1995, hugawa kazi katika vipindi visivyozidi mwezi mmoja, kila kipindi kikiwa na lengo lake, kikao cha kila siku cha dakika 15, na mapitio ya mwisho. Kanban, ambayo chimbuko lake ni viwanda vya Toyota nchini Japani, haidai vipindi: kila kazi huonyeshwa kwa kadi kwenye ubao wenye safu, na idadi ya kazi zinazoshughulikiwa kwa wakati mmoja huwekewa kikomo.

Kikomo hicho ndicho kiini, na ndicho kinachosahaulika kwa urahisi. Timu ikifungua ubao kwenye programu za kusimamia kazi kama Trello au Jira, kisha ikajaza kadi 30 kwenye safu ya "Inaendelea", imehamishia msongamano wake kwenye skrini tu. Ikijiwekea kikomo cha kadi 4, kwa mfano, anayemaliza kazi yake hulazimika kumsaidia mwenzake aliyekwama kabla ya kuanzisha jambo jipya.

Scrum huifaa timu inayotengeneza bidhaa moja na inayoweza kulinda mpango wake kwa wiki mbili. Timu ya huduma kwa wateja, ambayo hupokea maombi kila saa, itauvunja mpango huo mapema. Kwa timu ngeni ningependekeza Kanban kwanza, kwa kuwa haidai vyeo vipya, na ubao wa ukutani utangulie programu yoyote, kwa sababu safu zake hubadilishwa bila kumsubiri msimamizi wa mfumo.