Chaneli ya kilimo niliyoilipia miezi minane: uzoefu wangu

Sisi ni wakulima, Njombe, Tanzania. Tunalima mahindi, maharage na viazi mviringo, na tuna miche michache ya parachichi. Baada ya kuuza viazi tulinunua sola, televisheni na king'amuzi, na kilichotusukuma hasa ni chaneli moja ya kilimo iliyokuwa ikisifiwa sana. Nimelipia kifurushi tangu Novemba hadi Juni. Naandika ili anayetaka kulipia ajue anaingiza nini sebuleni kwake.

Kwanza niipe haki yake. Vipindi vya asubuhi ni vizuri sana, na kimoja kilituokolea shamba. Viwavijeshi vamizi walionekana nchini mwaka 2017, lakini sisi bado tulikuwa tunawachanganya na viwavi wengine. Mtaalamu alimweka mmoja kiganjani, kamera ikasogea mpaka tukaiona ile alama kama herufi Y iliyopinduliwa kichwani, na madoa manne yaliyojipanga mraba karibu na mkia. Kesho yake alfajiri mimi na mume wangu tukaingia shambani, tukafunua mioyo ya mahindi, tukawakuta humo humo, wadogo bado. Tukapiga dawa mapema. Kwa somo lile peke yake sitasema hela yangu ilipotea.

Shida inaanza jioni, saa ambayo familia nzima imekaa na majirani wameshaingia. Jioni ni vipindi vya "fursa". Mtangazaji anasimama shambani na viatu vyeupe anapiga hesabu: ekari moja miche 70, kila mti kilo 100, kilo sh. 1,500, basi umelaza milioni kumi na nusu. Hataji kwamba mche wa parachichi uliobebeshwa, yaani ulioungwa kikonyo cha mti mwingine, unakaa kama miaka mitatu ndipo uanze kuzaa, na miaka mingine mbele ndipo ubebe mzigo kamili. Hataji matunda yanayokataliwa na mnunuzi. Halafu anasema mahindi ni kilimo cha umaskini, tung'oe.

Maneno hayo yaliniuma, nasema kweli. Kwetu mtu mwenye mahindi ya kutosha ghalani ana heshima yake. Ndiye anayemsaidia jirani mwezi wa pili, mahindi mapya yakiwa bado mabichi. Parachichi tunalipenda, nami nimelipanda, ila watoto hawawezi kulala njaa wakisubiri mti ukue.

Siku nyingine wakazigeukia mbegu. Wakasema mbegu za kurithi ni uchafu, mkulima wa kisasa ananunua kila msimu. Mama mkwe wangu alikuwa amekaa pale pale. Ana maharage yake ya aina ya kablanketi anayoyahifadhi kwenye dumu lenye majivu, mbegu alizopewa na mama yake. Alinyanyuka kimya akaenda jikoni. Wangesema hivyo kuhusu mahindi chotara ningekubali, maana ukirudia mbegu yake mavuno yanashuka. Viazi pia, kwa sababu ugonjwa wa mnyauko unasafiri ndani ya mbegu. Lakini harage hujichavusha lenyewe, ukichagua punje nzima kutoka kwenye shina lisilo na ugonjwa, unapata harage lile lile mwaka hadi mwaka. Chaneli ya kilimo haina udhuru wa kutolijua hilo, wala wa kumvunjia mzee heshima mbele ya wajukuu.

Na katikati ya hayo yote, kamari. Kila kipindi kikikatika linakuja tangazo la kubeti. Pombe ningeivumilia, maana ulanzi kwetu upo na watu wana taratibu zao za kuunywa. Lakini kijana wa kwenye tangazo anaweka sh. 500, mkeka wake wa kubashiri mechi unatiki, anaondoka na laki saba. Mwanangu wa kidato cha pili akazipigia hesabu hapo hapo kwa mifuko ya mbolea: ruzuku ya mbolea ya 2022 ilipoanza, mfuko wa urea ulikuwa sh. 70,000, kwa hiyo kijana yule amepata mifuko 10 kwa kubonyeza simu. Akaniuliza, "Mama, sasa kipi kina haraka, parachichi au mkeka?" Nilishindwa kumlaumu. Vyote viwili ameviona kwenye chaneli moja, saa moja, kwa sauti ile ile ya kushangilia.

Nilipiga simu huduma kwa wateja. Dada aliyepokea alikuwa na adabu, akanieleza kwamba matangazo ndiyo yanayolipia vipindi. Nikamwambia, "Mwanangu, basi yasogezeni mpaka saa tano usiku, watoto wakiwa wamelala." Akasema ameliandika. Miezi mitatu imepita, hakuna kilichobadilika.

Natoa nyota mbili kati ya tano, na zote mbili ni za asubuhi. Kama unalipia, lipia miezi ya mvua, wakati wadudu na palizi vinakuhitaji, uache. Mimi nitaweka hela tena Desemba, na jioni tutazima.

Kifurushi kiliisha wiki iliyopita. Tangu hapo jioni tunapiga soga huku tukichambua maharage. Jana mama mkwe alimwita kijana akae karibu naye, akamwekea ungo mapajani, akaanza kumwonyesha punje ipi inabaki mbegu na ipi inaenda chunguni.