Taa ya kwanza ya studio ya nyumbani: ninavyozipanga, kutoka ya kununua hadi ya kuacha dukani

Watu wengi wanaoniomba ushauri wa kufungua studio nyumbani huanza na kamera. Wana chumba kimoja kisicho na kitanda, wateja wawili watatu wa picha za mahafali au za CV, na laki kadhaa mkononi, na wanataka kujua wahamie kamera gani. Jibu langu ni lilelile kila siku: kamera uliyo nayo inatosha, hata kama ni ya mtumba. Pesa ipeleke kwenye taa. Wala si taa nyingi. Taa moja, iwe pana, na uweze kuisogeza karibu na uso.

Taa ikiwa ndogo kama balbu tupu, kivuli cha pua kinakatika kama kimechorwa kwa wembe, na jasho la paji la uso linameta kama mafuta. Taa hiyohiyo ipitishe kwenye kitambaa cheupe cha mita moja, uilete karibu, utaona kivuli kinalainika chenyewe. Kwa ngozi nyeusi jambo hili lina uzito zaidi. Wengi wanadhani mtu mweusi anahitaji taa kali. Hapana. Shavu linapata umbo kwa ule mng'ao mpana unaotulia juu ya ngozi, na mng'ao huo unatokana na ukubwa wa kitu kinachomulika, si wati zake.

Kwa hiyo kila kifaa hapa chini nakipima kwa hilo: kinakupa mwanga mpana kiasi gani kwa pesa yako, na unahamishika? Bei zinapanda na kushuka kila mzigo wa Dubai na China unapoingia Kariakoo, basi nitazilinganisha zenyewe kwa zenyewe.

Kabla ya namba moja: dirisha na reflekta

Taa ya bure unayo tayari. Seydou Keïta, mpiga picha wa Mali, alifungua studio yake Bamako mwaka 1948, akawa anapiga watu uani kwa mwanga wa mchana, na pazia lake la nyuma la kwanza lilikuwa shuka la kufunika kitanda chake. Picha zile leo zinatundikwa kwenye makumbusho makubwa ya dunia.

Ila dirisha lina mambo yake. Mafunzo kutoka Ulaya yanasema tafuta dirisha linalotazama kaskazini, kwa sababu jua la huko linapita kusini. Kwa Dar es Salaam ushauri huo unafaa sehemu tu ya mwaka. Kuanzia Machi hadi mwanzoni mwa Oktoba jua la adhuhuri liko upande wetu wa kaskazini, kwa hiyo dirisha tulivu ni la kusini. Kuanzia katikati ya Oktoba hadi Februari mambo yanageuka. Nyumba yenye madirisha pande zote mbili ni bahati. Kama huna, tundika shuka jeupe jepesi dirishani.

Kisha angalia kioo. Nyumba nyingi za siku hizi zina madirisha ya aluminiamu yenye vioo vya bluu, kijani au kahawia. Picha ikitoka na uso wa kijani usilaumu kamera: sukuma kioo, acha wavu wa mbu peke yake. Ukuta uliopakwa waridi nao unatia rangi yake shavuni, tena bila kuomba ruhusa.

Baada ya hapo nunua reflekta ya duara ya sentimita 110, ile yenye nyuso tano. Utatumia mbili: nyeupe kwa kurudisha mwanga upande wa kivuli, na nyeusi kwa kukiongeza kivuli uso unapoonekana bapa. Ya dhahabu itabaki safi mpaka siku utakayoiuza. Boksi la friji lililokunjuliwa na kupakwa rangi nyeupe linafanya kazi ileile, isipokuwa halikunjiki ukiitwa kwa mteja Kigamboni.

1. Flashi ya betri, mwavuli na triga

Hiki ndicho ningenunua leo kama ningeanza upya. Flashi ya kuseti kwa mkono kama Godox TT600 au Yongnuo YN560 IV, triga yake ya kuvalisha juu ya kamera (ndiyo inayoiamuru flashi iwake), stendi ya mita mbili au zaidi, kishikio cha kuunganisha flashi na mwavuli, na mwavuli mweupe wa inchi 43. Vyote pamoja vinaingia kwenye begi la mgongoni na kupanda bodaboda.

Sababu ya kuiweka juu ni nguvu yake. Flashi ndogo inatoa mwanga mwingi kwa kitambo kifupi mno, kwa hiyo unapiga kwa ISO ya chini (ISO ni wepesi wa kamera kupokea mwanga), mtoto akitikisika hatoki na ukungu, na balbu ya sebuleni haionekani kabisa kwenye picha. Na umeme ukikatika unaendelea na kazi, kwa kuwa inatumia betri nne za AA. Nunua betri za kuchaji zenye jina, seti mbili. Zile za kufunga kwa plastiki zinazouzwa barabarani zinakufa kabla bibi harusi hajamaliza kupaka poda.

Mahali pa kuanzia: ISO 200, uwazi wa lenzi f/5.6, shata (kasi ya kupiga) sekunde 1/160, flashi kwenye 1/8 ya nguvu yake, mwavuli umbali wa mita moja kutoka usoni, pembeni kidogo na juu ya usawa wa macho. Shata isipite 1/200, la sivyo kamera nyingi zitakuletea utepe mweusi kwenye picha. Ukitaka nyuma pawe na giza zaidi, usiguse taa. Msogeze mtu na mwavuli wake mbali na ukuta. Umbali kutoka kwenye taa ukiongezeka mara mbili, mwanga unaofika unabaki robo.

Sasa dosari. Kwanza, haifanyi kazi na simu. Triga inahitaji kamera. Pili, triga lazima iwe iliyotengenezwa kwa ajili ya kamera za kampuni yako: ya Canon, ya Nikon, ya Sony, kila moja na yake, ingawa flashi yenyewe ikishakaa kwenye stendi haijali. Na wenye Canon EOS 2000D, 4000D au 250D wasome hapa mara mbili: pale juu panapovalishwa flashi, ile pini ya katikati haipo. Triga za kawaida za bei rahisi hazitapiga kitu. Nenda dukani na kamera yako, ijaribu hapohapo kabla pesa haijatoka mfukoni.

Dosari ya tatu ni ya mwavuli, na niliilipia mwenyewe. Siku ya pili tangu niununue nilimsimamisha jirani yangu, mama mmoja aliyetaka picha ya kuweka kwenye ukurasa wake wa kuuza vitenge. Joto la Februari, feni ya dari iko namba ya mwisho. Nikapandisha stendi kidogo mwanga umshukie vizuri. Nikasikia trrrak! Panga la feni limeshika ncha ya mwavuli, ubavu umepinda, kitambaa kimechanika shibiri nzima, na mama wa watu kainama nyuma ya kiti na kitenge chake kichwani. "Mwanangu," akaniuliza, "hizi picha zina bima?"

Mwavuli ule ulikuwa wa bei ya sahani chache za chipsi mayai. Ingekuwa softiboksi kubwa, lile boksi la kitambaa la kulainisha mwanga, ningelia. Tangu siku ile feni nazima kwanza, mteja nampa feni ya mezani pembeni, na kila stendi naining'inizia dumu la maji la lita tano. Dumu halina aibu; kwenye picha halionekani.

2. Taa ya LED ya wati 60 na softiboksi

Kama unapiga kwa simu, au unachanganya picha na video, basi kwako hii ndiyo namba moja na hapo juu ulikuwa unasoma habari za watu wengine. Mfano unaopatikana sana ni Godox SL60W na ndugu zake. Inawaka muda wote, unaona kivuli kinavyokaa kabla hujapiga, na ina mdomo wa Bowens, aina ya kishikio cha mbele ambacho kinapokea softiboksi za karibu kampuni zote. Chukua softiboksi ya pembe nane ya sentimita 90 kwenda juu.

Nimeishusha kwa sababu tatu. Inategemea soketi ukutani. Ina feni ndani inayonguruma, jambo ambalo kwenye picha si neno ila kwenye video ya mahojiano utalisikia. Na mwanga wake ukishapita kwenye kitambaa unakulazimu kupandisha ISO hadi 400 au 800 na kufungua lenzi. Mtoto wa miaka mitatu hapo ni mtihani. Mtu mzima anayetulia, hakuna shida.

Mwenye simu atumie lenzi ya mara mbili, arudi nyuma. Ile ya kawaida ukimsogelea mtu pua inakua.

3. Flashi kubwa ya studio

Hizi za kuchomeka ukutani zenye taa ya mwongozo ndani (inayowaka muda wote kukuonyesha kivuli kitakapokaa) ni imara, na kwa picha za familia ya watu wanane hazina mpinzani. Kwa chumba cha mita tatu kwa nne ni kama kuchota maji ya kunywa kwa pipa: hata ukiishusha hadi mwisho mara nyingi bado inazidi. Subiri wateja waongezeke.

4. Seti ya softiboksi mbili za balbu

Utaikuta kila mahali: softiboksi mbili za sentimita 50 kwa 70, balbu kubwa za kujizungusha kama springi, stendi mbili, na begi. Inavutia kwa sababu unapata vitu vingi kwa pesa ndogo. Boksini pameandikwa wati 135, na muuzaji atakusomea kwa sauti. Mara nyingi namba hiyo ni ya kulinganisha na balbu za zamani. Umeme unaoliwa hasa ni mdogo zaidi, na mwanga ni mdogo zaidi pia. Balbu ni za kioo, zinavunjika njiani. Stendi nyembamba, mlango ukifungwa kwa nguvu zinayumba. Na mtu akipewa taa mbili huziweka mbili kushoto na kulia sawasawa, uso unakuwa bapa kama chapati.

Kama tayari unayo, washa moja. Ya pili izime, weka reflekta mahali pake.

5. Ringi laiti

Ni ile taa ya duara yenye tundu katikati, na hapa najua nitagombana na watu. Kwa dada anayepaka watu mekapu na kujirekodi, ni kifaa kizuri, sina neno. Kwa picha ya mtu ni ya mwisho kwangu. Inamulika kutoka mbele kabisa, kwa hiyo inafuta vile vivuli vidogo vinavyotenganisha uso wa mtu na wa pacha wake. Machoni inaacha duara jeupe ambalo kila mtu analijua limetoka wapi. Mteja akivaa miwani, duara zinakuwa nne. Wazee wetu wanavaa miwani.

Ukilazimika kuitumia, usiweke simu katikati ya tundu lake. Ipeleke pembeni, juu kidogo, uifunike kwa shuka jeupe kwa umbali wa mkono mmoja, na usiizibe isipate hewa.

Pazia la nyuma

Hili usinunue la dukani kwanza. Mtaa wa Uhuru, hapa Dar es Salaam, kuna maduka ya vitambaa. Tafuta merikani, ile pamba nzito isiyong'aa, upana mkubwa kadiri utakavyopata. Vipande vya mita mbili na nusu, mpe fundi cherehani aunganishe na kushona mfereji wa kupitisha bomba juu. Kisha utandaze sakafuni, chukua rangi ya maji ya kijivu na ya kahawia, roli moja, ukapake ovyo ovyo kwa mzunguko, katikati peupe kidogo, pembeni pazito. Mikunjo ukiikuta, acha rangi ikauke ukiwa umeinyoosha. Satini ikatae hata ukipewa bure: inameta flashi inapopiga, na kila mkunjo unahesabika.

Mtu akae mita moja na nusu mbele ya pazia. Ndiyo maana chumba cha mita nne kwa urefu ni bora kuliko kamera mpya.

Ukifika dukani

Nenda na kamera, betri imejaa, na kadi. Flashi ipige mara kumi mfululizo kwenye nguvu yote uone kama inachelewa kujichaji tena kila mara au mara ya mwisho tu. Taa ya LED iwashe, ipunguze hadi chini, kisha irekodi kwa simu kwenye mwendo wa polepole: mistari ikipita kwenye video, taa inapepesa na itakusumbua. Stendi ivute hadi juu, kaza, halafu ikandamize kwa mkono, ikishuka, irudishe. Mwishoni mpige picha muuzaji mwenyewe, umtazame ngozi kwenye kioo cha kamera kama inafanana na aliyesimama mbele yako. Wengi wanafurahi, wanaomba utume kwa WhatsApp. Akikataa boksi lisifunguliwe, duka la pili kutoka hapo lina taa hiyohiyo.