Hereni za udongo wa polima: ukiwa Dar, anza kununua nini?

Ukiulizia vifaa, muuzaji atakimbilia kukuonyesha seti ya vikatio: ua, moyo, nusu mwezi, vipande ishirini na kitu. Mimi nimeiweka mwisho.

Namba moja ni udongo wenyewe. Huu si ule wa kuchezea watoto, ingawa Kariakoo pakiti zake hufanana. Ni plastiki ya PVC iliyolainishwa. Haukauki kwa hewa, hukomaa kwa joto. Kwa hiyo geuza pakiti usome nyuma. Kama hakuna nyuzi joto za kuokea, mrudishie mwenyewe. Fimo Soft ya Ujerumani huokwa nyuzi 110 kwa nusu saa; Premo, inayotoka kampuni moja na Sculpey III, nyuzi 130. Kwa hereni nyembamba chukua Premo uiache Sculpey III, maana hiyo huvunjika upesi. Bonyeza pakiti kwa kidole gumba kabla ya kulipa: ikiwa ngumu kama jiwe, huenda imekaa sana kwenye joto. Nyeupe, nyeusi na rangi moja uipendayo zinatosha.

Namba mbili, ambayo wengi huiruka, ni kipimajoto cha kuweka ndani ya oveni. Mara ya kwanza niliazima oveni ya mezani ya shangazi. Nikazungusha kitufe hadi 130, na baada ya dakika kumi hereni nyeupe zikatoka na rangi ya maandazi. Kipimajoto nilichonunua baadaye kilisoma 165! Ukiunguza kabisa, PVC hutoa moshi wenye tindikali, basi zima, fungua madirisha, utoke. Jiko la mkaa na sufuria ya mchanga, kama tunavyooka keki, siushauri. Huwezi kulishika joto hapo. Umeme ukikatika katikati usitupe kazi, ukirudi oka upya.

Namba tatu, ndoano za hereni. Hapa usibane pesa. Tafuta za stenlesi, kwa sababu za bei poa mara nyingi zina nikeli, na mteja akiwashwa sikio harudi.

Vingine ni vya kuokoteza. Kipande cha marumaru alichobakiza fundi ndicho meza yako na ndicho trei ya kuokea. Chupa ya soda ya kioo inasukuma vizuri, wembe unakata, kijiti cha meno kinatoboa. Msasa laini, namba 400 na kuendelea, unapatikana duka la vifaa vya ujenzi. Vikishagusa udongo, visirudi jikoni.

Mashine ya kusukumia tambi ni nzuri, lakini isubiri mauzo.

Na vikatio? Kifuniko cha chupa ya maji kinakata duara safi. Katika seti yangu ya vipande 24 nimetumia vitatu, na kimojawapo ni duara.